Leo Unatetea Usichokiamini: Mwongozo wa Kuwafundisha Wanafunzi Kubishana Pande Zote Mbili

Ukitaka kujua kama mdahalo wa shule una uhai, sikiliza makofi yanakwenda kwa nani. Yakienda kwa yule aliyesema, "Ndugu mwenyekiti, mpinzani wangu amekuja na kamusi lakini hoja amezisahau bwenini," basi jua huo ni ubishi wa kijiweni uliovalishwa sare. Nimekaa nyuma ya ukumbi Ijumaa nyingi mno nikisikiliza maisha ya mjini yakishindanishwa na ya kijijini. Kwa miaka kadhaa niliona inatosha: watoto wanaondoa woga wa jukwaa, kengele inalia, tunakwenda kula.

Siku moja mada ilikuwa adhabu ya kifo. Kijana wa kidato cha tano, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), aliipinga kwa ufasaha hadi ukumbi ukasimama. Jioni akanifuata ofisini. "Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza. Hivi waliotunga hii sheria hawakufikiria?" Hapo ndipo niliposhtuka. Alikuwa ameshinda mdahalo bila fununu yoyote ya kwa nini mtu mwenye akili timamu na roho safi angeweza kukaa upande wa pili. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikuwahi kumtaka aujue.

Tangu siku ile nimebadili namna ninavyoendesha kipindi. Nitakueleza ninachofanya kwa mpangilio ninaoufuata. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa kuwa ndiko ninakofundisha, lakini mwenzangu wa Kenya au Uganda ana hukumu za kwao zinazofanya kazi ileile.

Tafuta swali ambalo watu wazima wameshindwa kukubaliana

"Elimu ni bora kuliko mali" ni mada nzuri ya kumzoesha mtoto wa kidato cha kwanza kusimama mbele ya watu. Haifai kwa kazi hii, maana hakuna mahali popote ambapo mtu alilazimika kuamua kati ya hivyo viwili na uamuzi wake ukamgusa mwingine.

Kipimo changu kina maswali mawili. Je, majaji waliosoma faili moja wamefikia majibu tofauti? Je, nchi jirani zimepita njia tofauti? Adhabu ya kifo inapita vipimo vyote viwili. Rwanda iliifuta mwaka 2007, Burundi ikafuata 2009. Uganda, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake mwaka 2009, Mahakama ya Juu iliiacha adhabu yenyewe lakini ikaondoa ulazima wake. Kenya ilifanya hivyohivyo kwa kosa la mauaji katika kesi ya Francis Muruatetu, Desemba 2017. Kongo ya Kinshasa, iliyokuwa imesitisha kuwanyonga watu tangu 2003, ilitangaza mwaka 2024 kwamba itarudia. Tanzania, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakimwachii jaji hiari: akimtia mtu hatiani kwa kuua kwa kukusudia, adhabu ni moja. Na papo hapo, hakuna aliyenyongwa nchini kwa takriban miaka 30. Mwanafunzi akishayasikia haya hawezi tena kusema upande wa pili ni wa wajinga.

Halafu yapo mambo usiyoyaweka mezani hata darasa likikusihi. Kama upande mmoja ni uongo mtupu, au unahoji utu wa mtu aliyeketi darasani humo, huo si mdahalo. Nimewahi kuletewa pendekezo la mada kuhusu mauaji ya watu wenye ualbino, na aliyelileta alikuwa na nia njema kabisa. Nilimwambia hilo halina upande wa kuunga mkono. Tukalisogeza: je, kuwapeleka watoto wenye ualbino kwenye shule za bweni zilizozungushiwa ukuta ni kuwalinda, au ni kuwatenga na jamaa zao? Hapo pana mvutano wa kweli, na wazazi wenyewe wamegawanyika.

Ukishapata jambo, lipunguze upana. "Adhabu ya kifo: inafaa au haifai?" itakuzalishia hotuba. "Je, sheria iendelee kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kila aliyeua kwa kukusudia?" itakuzalishia hoja, kwa sababu hata anayeipenda adhabu hiyo anaweza kupinga neno "kila".

Anzia kwenye hukumu

Hatua hii nimeijua kwa kuchelewa, na ndiyo ningependa uichukue hata kama mengine yote utayaacha. Usimpe mwanafunzi mada na kumwambia akatafute hoja. Atakwenda kwenye simu ya kaka yake na kurudi na aya tatu zisizo na mwenyewe. Mpe kesi.

Hukumu ina tabia moja nzuri sana kwa mwalimu. Kabla jaji hajasema ameamua nini, analazimika kueleza kila upande ulisema nini. Aliyeshindwa naye ameandikwa humo, tena mara nyingi kwa maneno bora kuliko ambayo wanafunzi wangemtafutia.

Kesi yangu ya kuanzia ni ya Mbushuu na mwenzake dhidi ya Jamhuri. Mwaka 1994, Mahakama Kuu ikiketi Dodoma, Jaji Mwalusanya alikuwa mbele ya watu wawili waliotiwa hatiani kwa mauaji. Aliamua kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili, inamdhalilisha binadamu, inakwenda kinyume na Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba, na inavunja haki ya kuishi iliyo katika Ibara ya 14. Badala ya kitanzi akawapa kifungo cha maisha. Shauri likapanda Mahakama ya Rufani, ikatoa uamuzi wake mwaka 1995.

Hapa nasimama. Nawaambia wanafunzi: "Mahakama ya Rufani ilitengua. Andikeni mnadhani ilisema nini." Karibu wote huandika kwamba majaji wa rufani walisema kunyongwa si ukatili, au kwamba muuaji hana haki ya kuishi. Ninawaacha wasomeane. Kisha nasoma: Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mwalusanya kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na ya kudhalilisha. Walikubali! Lakini wakasema Ibara ya 30(2) inaruhusu sheria inayobana haki kwa ajili ya maslahi ya umma, ilimradi sheria hiyo si ya kiholela na haibani kupita inavyohitajika. Kuhusu kama adhabu hiyo inahitajika kweli, walisema jamii ndiyo yenye kuamua.

Darasa huwa kimya kidogo. Walikuwa wamejiandaa kupigana kwenye ukatili, kumbe pande zote mbili zimeshakubaliana hapo. Mgogoro uko mahali pengine: nani mwenye kauli ya mwisho haki ya mtu mmoja inapogongana na kile jamii inachoona kinailinda, jaji au jamii yenyewe kupitia bunge? Mwanafunzi akishaona kwamba kiini cha ubishi huenda hakiko pale alipodhani, umeshamfundisha nusu ya somo.

Kuandaa si kazi kubwa. Hukumu nyingi za Tanzania zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII, za Kenya kwenye Kenya Law. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, hata baada ya sheria ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Isome mwenyewe, uandike muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili: kilichotokea, swali lililo mbele ya mahakama, hoja nne za upande huu, hoja nne za ule. Usimtwishe mtoto Kiingereza cha sheria na hoja ngumu kwa wakati mmoja, ataangusha vyote. Na usiandike nani alishinda. Wakijua mshindi, upande wa pili utakufa kabla ya kuanza.

Gawa pande kwa kura, baada ya kila mmoja kuandika msimamo wake

Kila mwanafunzi anaandika kwenye kikaratasi msimamo wake halisi kwa sentensi moja, anakikunja, anaandika jina juu, ninavikusanya kwenye bahasha. Hakuna anayesoma, hata mimi. Kisha tunapiga kura ya vijiti: kirefu unaunga mkono, kifupi unapinga.

Malalamiko hayakosi. Muhula uliopita binti mmoja alivuta kijiti kifupi akabaki amekishika kana kwamba kitabadilika urefu.

"Mwalimu, mimi siwezi kupinga hii. Siamini."

"Sijakuuliza unaamini nini, mwanangu. Unachoamini kiko kwenye bahasha, hakuna atakayekigusa."

"Sasa si nitakuwa muongo?"

"Wakili wa mshtakiwa ni muongo?"

Alifikiri. "Wengine," akasema, na darasa likaangua kicheko. Nami nilicheka. Lakini alikaa akaanza kuandika.

Swali lake ni la haki, usilipuuze. Mimi huwaeleza kwamba kuna tofauti kati ya kudanganya na kusimama mahali pa mtu mwingine, na kwamba hili si jambo la kigeni kwetu. Malenga wa mwambao wamejibizana kwa mashairi vizazi na vizazi, mmoja akifunga fumbo na mwenzake akilifungua. Ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizieneza sana, hazitungiki bila mshairi kuvaa vichwa viwili: ubeti huu anasema mwanafunzi mvivu, unaofuata anasema mwalimu, na mtunzi ni yuleyule. Tofauti ni kwamba ngonjera kwa kawaida huishia pande mbili zikikubaliana, na mara nyingi unajua tangu ubeti wa pili nani atasalimu amri. Sisi hatumalizii kwa kukubaliana.

Akiwepo mwanafunzi anayesema imani yake ya dini haimruhusu kutamka maneno fulani kama yake, mruhusu aseme "Wanaounga mkono husema…" badala ya "Mimi nasema…". Hoja itabaki na uzito uleule. Na akiwepo ambaye jambo lenyewe limempitia nyumbani, nitarudi kwake mbele kidogo.

Huruhusiwi kujibu kabla hujarudisha

Kanuni ninayoikazia kuliko zote: kabla ya kujibu hoja ya mpinzani, iseme kwanza kwa maneno yako mpaka mwenyewe aseme "ndivyo." Akisema "sivyo," unarudia. Muda unakwenda, lakini huo si muda uliopotea.

Nakuonyesha jinsi inavyokuwa darasani. Shauri lilikuwa la umri wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, iliweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana, na kifungu cha 17 kikahusu ridhaa ya mzazi kwa msichana aliye chini ya miaka 18. Rebeca Gyumi alivipinga mahakamani. Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Bunge halisubiri kipindi chetu, kwa hiyo kabla hujafundisha kesi hii angalia upya marekebisho ya sheria yamefikia wapi.

Vijana wawili wamesimama. Anayetetea kifungu cha zamani amesema sheria ya 1971 ilikuwa kazi ya kuunganisha ndoa za kimila, za Kikristo, za Kiislamu na za Kihindu chini ya paa moja, na umri ule ulikuwa sehemu ya maelewano hayo.

"Unasema," anaanza mpinzani, "kwamba mila zinaruhusu watoto kuolewa kwa hiyo tuziache."

"Sivyo."

"Unasema… dini zinaruhusu?"

"Sivyo. Nasema kulikuwa na makubaliano. Ukivuta uzi mmoja, wengine watasema basi na sisi tunajitoa, watafunga ndoa zao pembeni, na huyo binti hutamwona tena kwenye daftari la serikali."

Kimya. "Ahaa. Unasema sheria ikiwa kali mno, ndoa haziishi, zinajificha."

"Ndivyo."

Sasa ndipo mpinzani anaanza kufikiri. Jibu alilokuwa amelikariri, kwamba mila si kisingizio, halina kazi tena hapa. Inabidi atafute lingine. Baada ya dakika moja alilipata: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo serikali haiwezi kumhesabu binti mmoja kuwa mtoto kwenye daftari hili na mke kwenye daftari lile, na kama ndoa zitajificha, basi angalau binti aliyekimbilia polisi atakuwa na sheria mkononi. Hilo lilikuwa jibu. Sijawahi kulisikia kwa darasa lililopewa mada tu.

Kalamu tatu

Wanafunzi huchanganya mambo matatu kwenye sentensi moja, na ubishi mwingi usioisha unatoka hapo. Nawapa muhtasari wa kesi na kuwataka wapigie mistari: kalamu ya bluu kwa jambo linaloweza kuchunguzwa (adhabu inapunguza mauaji, au haipunguzi?), nyeusi kwa linalohusu maana ya sheria (maneno "kwa mujibu wa sheria" yaliyo katika Ibara ya 14 yanaipa serikali ruhusa kiasi gani?), nyekundu kwa linalohusu kipi kina thamani zaidi (usalama wa wengi au utu wa mmoja?).

La bluu linajibiwa kwa ushahidi. Leta ulichonacho, na ukikosa, sema hoja yako bila takwimu. Mwanafunzi anayetunga asilimia namsimamisha papo hapo, tena mbele ya wenzake. Ni jambo pekee ninalolikemea hadharani. Nyeusi inajibiwa kwa kusoma maneno ya kifungu taratibu. Nyekundu haijibiwi na yoyote kati ya hizo, ndiyo maana watu wema wawili wanaweza kukubaliana juu ya bluu yote na nyeusi yote na bado wakapiga kura tofauti.

Kipindi chenyewe

Nahitaji vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80. Darasa la watu 60 haliwezi kusema lote, kwa hiyo nina wasemaji wanne kila upande, mwenyekiti, katibu, mtunza muda mwenye kengele, na jopo la majaji watano. Waliobaki wana daftari lenye safu mbili na wanatakiwa kunasa hoja bora moja ya kila upande. Nalikusanya daftari hilo, bila hivyo wanachora.

Salamu za "ndugu mwenyekiti, katibu wako makini, mtunza muda asiyependelea" nimezipunguza hadi sentensi moja. Niliwahi kupima: kijana mmoja alitumia sekunde 50 kusalimia.

Kila msemaji ana dakika tatu, kisha dakika moja ya kuulizwa na upande wa pili. "Taarifa!" za mtindo wa bunge ninaziruhusu mbili tu kwa kila upande, maana watoto wanazipenda kuliko hoja. Baada ya raundi ya kwanza, wanapewa dakika kumi za kukaa na makundi yao. Wanadhani wanajiandaa kwa raundi ya pili.

Kisha natangaza: badilishaneni viti.

Wale waliokuwa wakiunga mkono sasa wanapinga, na karatasi za maandalizi wanaziacha mezani kwa waliokuja. Mara ya kwanza huwa kelele. Mara ya tatu wanajua itakuja, na hapo ndipo faida inapoonekana, kwa sababu tangu nyumbani wameandaa pande zote mbili, na katika raundi ya kwanza hawaropoki maneno ambayo watalazimika kuyala dakika thelathini baadaye.

Jopo la majaji linatoa uamuzi kwa sentensi zisizozidi tano, na sharti moja: lazima waitaje hoja bora ya upande ulioshindwa, na waeleze kwa nini haikutosha. Ndipo nami nawasomea mahakama ilisema nini. Wakati mwingine jopo limekwenda kinyume na Mahakama ya Rufani, na siwasahihishi. Kuhusu kifungu cha 197, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo inaketi Arusha, iliamua mwaka 2019 katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kunavunja haki ya kuishi. Mahakama hazipatani, kwa nini jopo la kidato cha tano lipatane?

Mada inapouma

Viboko. Nilidhani ni mada rahisi kwa kuwa kila mwanafunzi ana uzoefu nayo. Sheria ziko wazi: kwa Tanzania, kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa la nidhamu, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na vyote viandikwe kwenye daftari. Kenya ilivipiga marufuku mwaka 2001. Nchi mbili, mpaka mmoja, majibu mawili. Tena Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 13, pande zote mbili wanaweza kuishika: inakataza adhabu ya kikatili, na hapohapo inazungumzia kumrekebisha mtoto kwa kiasi cha haki.

Nilisahau kwamba hapa wanafunzi si mawakili. Wao ndio wadai. Ndani ya dakika kumi, katika shule niliyokuwa nikifundisha wakati huo, mdahalo uligeuka orodha ya matukio yenye majina ya walimu, mmoja wao akiwa anapita barandani. Nilisimamisha, lakini maneno yalishatoka, na wiki nzima iliyofuata wanafunzi wawili waliadhibiwa kwa makosa ambayo kila mtu alijua si ndiyo yaliyowaponza. Niliwaingiza mimi.

Sasa nafanya hivi. Mkuu wa shule anaiona mada na muhtasari wake mapema, kwa maandishi. Hakuna anayesema juu ya shule yetu wala mtu anayejulikana. Anayefanya hivyo muda wake unaisha hapohapo. Na kila msemaji anapewa nafasi isiyo yake: wewe ni mzazi mwenye watoto watano, wewe ni mwalimu peke yako mbele ya watoto 120, wewe ni ofisa ustawi wa jamii. Binti aliyepewa nafasi ya mwalimu mwenye darasa la 120 alisema jambo ambalo sisi walimu hatulisemi kwa sauti: kwamba kiboko hakimfundishi anayechapwa, kinawanyamazisha wale 119 wanaotazama. Alikuwa anakitetea. Upande wa pili ulichukua sentensi hiyohiyo na kuifanya hoja yao kuu.

Mambo mengine yanauma kimyakimya. Novemba 2021 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi kwenye shule za kawaida, na mada hiyo bado inagawanya vyumba vya walimu. Lakini katika darasa la wasichana 30, yupo ambaye dada yake ndiye huyo. Kwenye adhabu ya kifo yupo ambaye baba yake aliuawa, au ambaye mjomba wake yuko gerezani. Siku moja kabla, natangaza mada na kusema yeyote anayetaka kuwa mtunza muda au katibu anione, sitauliza sababu. Wanaokuja ni wachache. Naye akija aliyeguswa akitaka kusema, mwache aseme, ila kwa hiari yake, na usimpe upande kwa kijiti.

Alama

Nina alama 20. Kumi ni za kueleza hoja ya upande wa pili vizuri kiasi kwamba wenyewe wanaikubali. Tano ni za kutumia maneno ya sheria au ushahidi kwa usahihi. Tatu za jibu. Mbili za ufasaha, na hizo mbili zinawauma wale wenye midomo mitamu. Acha ziwaume. Mzazi mmoja alinipigia simu akilalamika kwamba mwanawe, bingwa wa shule ya msingi, amepata 9. Nilimsomea maelezo ya katibu: kijana alijibu hoja sita, na kati ya hizo, tano hakuna aliyezitoa.

Dakika tano za mwisho tunafungua bahasha. Kila mmoja anarudishiwa kikaratasi chake, hakionyeshi kwa mtu, na chini ya sentensi ya kwanza anaandika nyingine inayoanza na neno "lakini" au neno "hata hivyo". Anayetaka kunipa ananipa. Yule binti wa kijiti kifupi alinipa chake wakati anatoka. Juu kulikuwa na "Muuaji auawe." Chini, kwa kalamu ileile: "Lakini nani atamwambia mama yake kama jaji alikosea?" Kisha alikuwa amekata "jaji ali", na juu yake akaandika "tuli".